Ukoo wa Kunguru na Pasipoti za Maa Pokuaa

Jumatatu, 7 Julai

Kumasi nzima ina mawakala wa safari wawili tu wanaostahili jina hilo. Wa kwanza ni mimi. Wa pili bado hajazaliwa.

Yaw Frimpong hahesabiki. Ana duka la mlango wa kioo ng'ambo ya barabara, na kwenye kioo kachora ndege yenye bawa moja. Bawa moja! Na watu wanaingia. Wanatoka na tiketi huku wanacheka. Ofisi yangu mimi ni meza kwenye kona ya saluni ya kina mama, na anayeona hiyo ni dhiki hajui biashara. Wapi kwingine utawakuta wanawake wenye pesa wamekaa kitako, vichwa vimo ndani ya mashine ya kukausha nywele, hawawezi kukimbia? Ni mkakati. Tatizo ni kwamba mashine zinanguruma na hawasikii ninachowaeleza.

Wateja wangu mpaka leo: mchungaji aliyenyimwa viza ya Kanada, ambaye ananilaumu mimi badala ya kumuuliza Mungu wake, na mwalimu niliyemkatia tiketi ya basi la Tamale. Basi likaharibika njiani. Amenitangaza mtaa mzima utadhani gia niliichomoa mimi.

Lakini leo! Wakala wa Maa Pokuaa katoroka. Maa Pokuaa, mama mkuu wa wauza vitenge Soko la Kejetia, ambaye kila mwaka anapeleka kundi la wanawake wenzake Dubai kununua mali. Jamaa kawaombea wao viza za Dubai, kajiombea yeye ya Kanada, kaenda zake. Pasipoti kaziacha kwa mlinzi. Mshenzi kabisa. Nauliza tu alitumia njia gani, maana mchungaji wangu angependa kujua.

Atakayepata kundi lile kapata mji. Kila mmoja wao ana dada, shoga, kwaya na chama cha kuzikana.

Na kuna Abena Dufie. Anauza kibandani kwa Maa Pokuaa. Tangu Pasaka nimenunua kwake vitenge ambavyo sina wa kumvika. Mimi ni Kwabena kwa sababu nilizaliwa Jumanne. Yeye ni Abena kwa sababu alizaliwa Jumanne. Kama hiyo si ishara, sijui ishara inafananaje. Nikipata kundi, nina uso wa kwenda kumposa. Nisipolipata, nitabaki mteja wa vitenge.

Jumatano, 9 Julai

Maa Pokuaa kasema hataki tena wakala mgeni. Safari hii pasipoti atampa mtoto wa nyumbani. Maana yake mtu wa ukoo wake, Asona, hao wa kunguru.

Mimi ni Ekuona. Nyati. Kwa mama yangu kule Bekwai.

Frimpong kaenda pale asubuhi na tai shingoni. Kaulizwa ukoo. Kajibu Aduana. Wakamshukuru, wakampa maji ya kunywa, wakamsindikiza mlangoni. Mtu mzima huyo! Anaulizwa swali la biashara, anajibu ukweli! Halafu ndiye mwenye mlango wa kioo.

Nimeamua kuwa Asona. Kwa muda. Ukoo ni nini siku hizi? Kadi ya kuingilia mlangoni. Nimejitungia bibi: Yaa Asieduwaa, aliyefuatana na mume mwenye shamba la kakao zamani za Waingereza, hakurudi tena. Kila familia hapa ina bibi wa namna hiyo. Wasipokuwa naye wataona aibu kusema hawana.

Nimefikiria na suala la Dufie, kwa sababu mimi si mpumbavu. Watu wa ukoo mmoja hawaoani. Ni ndugu, basi. Lakini mtoto ni wa ukoo wa mama yake, si wa baba. Na Dufie anaishi nyumbani kwa Opanyin Kyei, yaani mzee Kyei, mkuu wa ukoo, ambaye ni kaka wa Maa Pokuaa. Kwa hiyo ni binti wa Opanyin Kyei. Kwa hiyo yeye si Asona, ni wa ukoo wa mke wa Opanyin, wowote ule. Njia nyeupe! Nimefanya utafiti.

Jumamosi, 12 Julai

Msiba wa mama mkubwa wa Maa Pokuaa, mzee wa ukoo. Uwanja umejaa maturubai, watu nguo nyekundu na nyeusi, muziki wa kupasua masikio. Nikavaa kimoja kati ya vitenge vyangu. Hatimaye kimepata kazi.

Mpango ulikuwa huu. Pale mezani pa rambirambi, ukitoa mchango, mtangazaji anasoma jina lako kwenye kipaza sauti. Hakuna redio Kumasi inayosikilizwa kwa makini kama ile, kwa sababu kila mtu anataka kujua nani katoa kidogo. Mimi nilitoa kidogo. Lakini karatasi ya jina niliijaza mbele na nyuma.

Mtangazaji akasoma yote, maskini, hakujua pa kusimamia: Kwabena Siaw, wa Siaw Dunia Nzima, tiketi na viza kwa bei ya kindugu, ndani ya saluni mkabala na benki, pigeni simu wakati wowote, mjukuu wa marehemu Yaa Asieduwaa, Asona aliyepotea, leo karudi kwao.

Muziki ukazimwa. Nikadhani nimekamatwa.

Kumbe walikuwa naye! Si jina hilo, lakini alikuwepo bibi aliyeondoka na mtu wa kakao. Vikongwe watatu wakaanza kulia. Mmoja akanishika kidevu, akasema pua ni ileile. Opanyin Kyei akainuka na fimbo yake, akaniuliza mbele ya watu mama yangu yuko wapi. Nikasema alishatangulia mbele ya haki. Ilinitoka tu. Mama yuko Bekwai, anauza mihogo, mzima wa afya, na akisikia hili mimi ndiye nitakayetangulia.

Nikaketishwa na familia. Ushindi! Ushindi wenye kasoro. Mgeni msibani analetewa wali, kuku na soda baridi. Mtu wa familia anabeba viti. Nimebeba viti mpaka mabega yamevimba, huku Frimpong kakaa kivulini miguu kaikunja, anakula paja la kuku. Akanipungia mkono, akanipa pole kwa kufiwa. Mnafiki.

Kadi zangu nazo niligawa wakati wa kuwapa watu mkono. Kadi zilikuwa mkono wa kulia, kwa hiyo wazee watano wa kwanza niliwapa wa kushoto. Wanasema nilikuwa nimechanganyikiwa kwa uchungu. Sawa, na waseme.

Dufie alipita na sinia la maji. Aliniangalia muda mrefu. Akatabasamu kwa upande mmoja. Nina uhakika ni mapenzi.

Jumapili, 13 Julai

Baada ya ibada ya shukrani Maa Pokuaa kanikabidhi pasipoti zote, ndani ya mfuko wa plastiki wa mchele. Kasema safari ni Septemba. Kasema kwa mara ya kwanza atalala usingizi, maana zipo mikononi mwa damu yake. Wanawake wote wakapiga vigelegele.

Nilipita mbele ya mlango wa kioo mara nne na ule mfuko. Mara ya nne Frimpong akatoka kunipongeza. Akasema kwa unyonge kwamba na yeye angependa sana kuwa karibu na familia ile, ila anaona haya. Nikamwambia biashara haitaki haya, bwana. Akaitikia kwa kichwa. Namdharau mpaka namwonea huruma.

Jumatano, 16 Julai

Hakuna anayejua kazi ninayofanya! Kila mwanamke anataka kiti cha dirishani. Kila mmoja hataki kukaa na fulani. Mmoja anataka kusafiri na samaki wakavu wa kumtosha mwezi mzima, kwa sababu kaambiwa Waarabu hawajui kupika. Mmoja picha yake ya viza amepiga na wigi moja, pasipoti ina wigi lingine, na watu wa ubalozi wataona ni watu wawili.

Juu ya hayo, mtoto wa nyumbani hapumziki. Jumatatu nimempeleka Opanyin Kyei kwa daktari wa macho. Jana nimepaka chokaa ukuta wa uani. Leo nimemchinjia kikongwe mmoja kuku, yule aliyesema pua ni ileile, na yule kuku kanikimbiza mimi.

Nikaona wakati umefika wa kutaja kamisheni. Nikaitaja kiungwana, nikaizungushazungusha. Maa Pokuaa alicheka mpaka akashika meza. Akaita wenzake waje wasikie. Akauliza tangu lini mtoto anamtoza mama yake. Akasema mgeni ndiye hulipwa, kwa kuwa mgeni usipomlipa atakusema. Mtoto atakusema kwa nani?

Wakanipa sahani ya ugali wa ndizi. Nikala. Nifanyeje?

Mama naye kapiga simu kutoka Bekwai. Habari zimemfikia. Hakusalimia. Kaniuliza hajambo huyo mama yangu aliyekufa. Kasema yeye alibeba mimba miezi tisa akijua anawazalia nyati. Kama kumbe alikuwa anawabebea kunguru mzigo wao, basi waje wamlipe ujira wake. Nikamwambia ni mambo ya biashara tu. Akasema, "Mwanangu, wengine wanauza shamba. Wewe umeniuza mimi, tena bei ya chini." Akakata.

Watu wa vijijini hawaelewi mambo ya soko.

Ijumaa, 18 Julai

Nimelala nikafikiria, nikaamka na jibu. Kama mtoto halipwi, mkwe je? Mkwe anaheshimiwa! Mkwe anapewa kiti chenye mto. Nikimwoa binti wa Opanyin Kyei, nitakuwa mtoto wa nyumbani kwa upande mmoja na mkwe kwa upande mwingine, na kamisheni itaingilia mlango wa pili. Na Dufie atakuwa wangu. Ninampenda, sijui kama nimeshaandika.

Msiba haujapoa, lakini mwizi wa wachumba hasubiri. Kesho naenda kubisha hodi ya posa. Nimenunua chupa mbili za pombe kali, kama inavyotakiwa. Msemaji wangu ni mzee Donkor wa kanisani, anayelipwa kwa chakula.

Jumamosi, 19 Julai

Nitajaribu kuandika kwa utaratibu.

Tulipokelewa vizuri. Tukakaa. Opanyin Kyei katikati, Maa Pokuaa kulia kwake, vikongwe nyuma. Mzee Donkor akasema tumeona ua zuri katika nyumba hii na tunaomba ruhusa ya kulichuma. Wote wakafurahi. Opanyin akasema nyumba ina maua mengi, ni lipi? Donkor akasema, Abena Dufie.

Kikongwe wa pua akatema mate chini.

Opanyin Kyei akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akanitazama upya. Akauliza taratibu, "Dada yako?"

Nikasema hapana, binti yako, Opanyin. Akasema hana binti, Mungu alimpa wavulana watupu. Dufie ni mtoto wa dada yake wa mwisho, marehemu, mdogo wake Maa Pokuaa. Yeye ni mjomba, alimchukua na kumlea. Mama Asona. Mtoto Asona. Na mimi, mjukuu wa Yaa Asieduwaa aliyeliliwa na ukoo mzima, Asona. Akaniuliza kama kule kwenye kakao walinifundisha kuoa dada zangu.

Utafiti! Nani analea mtoto wa dada yake bila kuweka tangazo?

Mlango wa ndani ulikuwa wazi kidogo. Dufie alikuwa nyuma yake. Niliona nguo yake, na jicho moja. Alikuwa hacheki. Alikuwa anasubiri.

Ningeweza kusema. Maneno yalikuwa mdomoni: mimi ni Ekuona, mama yangu ni mzima, anauza mihogo. Maneno machache tu. Lakini Maa Pokuaa alikuwa ameshika shavu, ananitazama kwa macho ya mama, na mimi nikaona ule mfuko wa mchele, nikaona Dubai, nikaona mlango wangu wa kioo wenye ndege ya mabawa mawili.

Nikasema wamenielewa vibaya. Sikuja kwa ajili yangu. Kaka hawezi kujiposea dada yake, hilo nani asiyelijua? Nimekuja kwa niaba ya rafiki yangu, mtu mwenye heshima zake, ambaye anaona haya.

Wakapumua. Opanyin akauliza rafiki gani.

Lilikuja jina moja tu, kwa sababu ndilo ninaloliamkia na kulilalia kwa chuki. Nikasema, Yaw Frimpong. Aduana.

Maa Pokuaa akapiga makofi! Akasema yule kijana wa tai, aliyesema kweli hata pale uongo ulipokuwa na faida? Kikongwe akapokea chupa zangu mbili, akazifungua hapohapo. Mlango wa ndani ukafungwa taratibu.

Mzee Donkor alikula sahani tatu.

Jumapili, 20 Julai

Frimpong alinisubiri nje ya kanisa. Akanikumbatia mbele ya watu. Machozi yanamtoka, jitu zima! Anampenda Dufie tangu mwaka juzi, hakuwahi kuthubutu. Akasema hajui atanilipa nini. Nikasema aache kunichafulia shati.

Mchana nikaenda kibandani kwa Dufie. Nikamwambia yote. Kwamba mimi si Asona, si ndugu yake, bibi ni wa kutunga, mama yangu yuko Bekwai, na ninampenda. Nilifikiri atapiga yowe. Alikuwa anakunja kitenge, akaendelea kukunja.

Akasema alijua. Tangu msibani. Jina la yule bibi yao aliyepotea analijua, ni lake yeye, alirithishwa: Dufie. Wale vikongwe walikuwa wanataka tu mtu wa kumlilia. Alinyamaza kwa sababu alitaka kuona nitafika wapi. Nilipobisha hodi alisimama mlangoni, na kama ningesema ukweli pale pale, mbele ya mjomba wake, angetoka.

"Ningetoka, Siaw. Nilikuwa nimeshavaa viatu."

Akasema mtu aliyemzika mama yake mzima kwa ajili ya pasipoti, mke atamzika kwa ajili ya nini? Kiti cha dirishani? Akasema Frimpong ana duka dogo na haya nyingi, lakini akimuuliza saa ngapi atamwambia saa ngapi.

Niliumia. Naandika wazi kwa sababu hakuna atakayesoma. Nilisimama pale nikaumia mpaka mteja akaniomba nimpishe.

Njiani nikaelewa kosa langu lilikuwa wapi. Bibi. Nilichagua jina bila kuuliza wanalotumia wao.

Jumamosi, 23 Agosti

Arobaini ya marehemu ilipita juzi, leo wamefunga posa. Frimpong kaja na watu wake, masanduku, nguo, vinywaji. Mimi nikaketishwa upande wa bibi harusi, mstari wa mbele. Kaka mtu!

Kwa desturi bwana harusi huwapa kaka wa bibi harusi panga la shemeji, kuwashukuru kwa kumlinda dada yao miaka yote. Panga lenyewe siku hizi ni pesa kwenye bahasha. Kaka wengine hawakuwepo. Msemaji akaita, nikasimama peke yangu. Frimpong akanipa bahasha kwa mikono miwili, akaniita shemeji. Watu wakapiga kelele nimkazie, niseme haitoshi, ndivyo inavyofanywa. Nikasema haitoshi. Sauti ilikatika. Wakadhani naigiza, wakashangilia. Akaongeza.

Dufie alivaa kijani na dhahabu. Alipopita aliniambia asante, kaka. Alisema polepole, bila kejeli. Ningependelea kejeli.

Kisha Maa Pokuaa akasimama. Akasema safari ya Dubai sasa itashughulikiwa na mkwe. Mtoto wa nyumbani, alisema, Mungu amzidishie, viza zimemkalia, wigi zimemchanganya, na huwezi kumfokea vizuri kwa kuwa ni wako. Mkwe ataona aibu kuchelewa. Na mkwe atalipwa kamisheni kamili, kwa kuwa ukoo wa Asona hauwezi kudhulumu wakwe ukasemwa mjini.

Nikatumwa mimi nikalete mfuko wa mchele. Baadaye nikabeba viti.

Jioni ujumbe wa Mama. Kasema ukoo wa nyati bado upo, mlango uko wazi, nilete kondoo wa kuomba radhi, na nije nikiwa na adabu. Nitamjibu nikipata nafasi.

Jumatatu, 25 Agosti

Habari njema saluni! Mjane mmoja tajiri wa Bantama, mwenye maduka ya vipodozi, anatafuta wakala wa kuipeleka kwaya yake nzima Yerusalemu. Hataki wageni. Anataka mtoto wa nyumbani. Ni Agona, hao wa kasuku. Jumamosi wana msiba.

Frimpong hatakwenda, atasema ni Aduana. Hajifunzi yule mtu.

Mimi safari hii nimejipanga. Nimeuliza kwanza, sikurupuki tena: wana bibi aliyepotea, na jina lake ninalo, Akua Nimako. Bahasha ya panga la shemeji inatosha rambirambi nono, na tangazo nimeshaliandika, mbele na nyuma. Wakiniuliza mama yuko wapi, nitasema yuko safarini. Angalau safari hii hajafa. Atafurahi.

Leo mchana nilipita Bantama kutazama mazingira. Pale dukani kuna msichana anaitwa Adwoa Brago, ana vishimo mashavuni, kaniuzia sabuni tano. Anaishi kwa kaka wa yule mjane, nimemwona akiingia na ufunguo wake mwenyewe.

Kwa hiyo ni binti wa huyo kaka. Kwa hiyo si Agona. Nimefanya utafiti.